Simu za Shimo la Bila Mwezi

Simu ya kwanza ambayo Baudouin aliifungua asubuhi ile ilitoa maji.

Hayakuwa matone. Alilegeza visi ya mwisho, skrubu ndogo kama punje ya mchele, akainua kifuniko cha nyuma, na maji mekundu yakamwagika juu ya meza na kushuka hadi magotini mwake, mengi kuliko kikombe cha chai, kutoka katika simu isiyozidi upana wa kiganja. Yalikuwa ya baridi. Ulikuwa mwezi wa pili, Bunia haikuwa imepata mvua kwa wiki tatu, na vumbi lilikuwa limetanda hata kwenye majani ya ndizi. Baudouin alinusa vidole vyake. Vilinuka udongo wa chini sana, ule ambao jua halijapata kuuona.

"Mama Abi," aliita taratibu, "kuya uone."

Nadège alikuja akifuta mikono kwenye kitenge. Aliangalia meza, akaangalia simu, akachukua kitambaa.

"Ilianguka mu maji," alisema. "Kausha. Angalia kama batri iko muzima."

Betri ilikuwa nzima. Hilo lilimfurahisha Nadège, na baadaye alikuwa akilikumbuka kwa aibu.

Atelye yao, karakana ya taa, ilikuwa chumba kimoja cha matofali huko Bigo, mtaa mmoja wa Bunia, chenye paa la bati na meza ndefu mbili. Nadège alikuwa amesoma umeme katika shule ya ufundi. Vita vilipofika kwao Bule, alikimbia na wengine, akakaa mwaka mzima katika kambi ya mahema ya waliohamishwa, akaona kile mshumaa mmoja unaweza kufanya kwenye mahema mia moja yaliyobanana. Hapo ndipo alipoanza kuchora taa yake. Bati lilitoka kwenye makopo ya maziwa, taa ndogo zilitoka kwenye redio na kompyuta zilizokufa, na betri zilitoka kwenye simu ambazo watu walikuwa wamezitupa. Hakutumia gundi hata tone. Taa za dukani zilifungwa kwa gundi, zikiharibika hakuna wa kuzifungua, na nyuma ya kila hema palikuwa na rundo lake. Ya Nadège ilishikwa na visi mbili. Mama yeyote aliweza kuifungua kwa ncha ya kisu, akatoa kilichokufa na kuacha kizima kiendelee.

Baudouin alifungua na kupanga. Liévin, mume wa Nadège, ambaye kabla ya ndoa alikuwa mchimba dhahabu, sasa aliitafuta dhahabu ile ile kwenye vibao vya kijani vya ndani ya simu, akiikwangua kwa uvumilivu, punje ndogo kama vumbi la mkate. Ndiye aliyeleta gunia la simu ambamo ile yenye maji ilitoka. Alilitoa kwa Félicien, mnunuzi wa vyuma, na Nadège alipomuuliza vitu vimetoka wapi, alijibu tu, "Ya batu banatupa," akaenda kuosha mikono.

Betri za gunia lile zilitoa taa kumi na saba. Zote ziliwaka vizuri kuliko taa yoyote waliyowahi kutengeneza. Kumi na sita zilipelekwa kwenye mahema ya kambi, na moja ilibaki nyumbani, karibu na kitanda cha binti yao Abigaël, mwenye miaka sita.

Kisha kukawa na sauti.

Ilisikika saa sita mchana, wakati jua limesimama na mtaa umenyamaza kwa joto. Ngo. Ngo. Ngo. Chuma kikigonga jiwe, mbali, chini ya sakafu. Nadège alidhani ni jirani anavunja mawe ya msingi. Alitoka nje, na nje hapakuwa na sauti. Aliporudi ndani, Baudouin alikuwa amelaza shavu lake juu ya simenti, macho wazi, akisikiliza.

Baada ya juma moja Estelle alirudisha taa yake. Alikuwa mwanamke wa Djugu aliyeishi hemani na watoto wanne na mama wa mume wake. Aliileta imefungwa ndani ya kitenge, na kitenge ndani ya mfuko, akaiweka mezani bila kuikaribia tena.

"Imeharibika?" Nadège aliuliza.

"Inawaka muzuri. Inawaka hata nikiizima." Estelle alitazama mlango kabla ya kuendelea. "Mama mukwe wangu anachimba."

"Anachimba nini?"

"Hajatoka mu mukeka tangu tukimbie, unajua, miguu yake ilikataa. Jana narudi toka kisima, namukuta amepiga magoti, amekunja mukeka, anachimba na kijiko. Moja kwa moja chini. Namuuliza, mama, unatafuta nini? Ananiambia: chini kule hakuna taa, banaomba taa." Sauti yake ilishuka. "Hakuniangalia. Na ile udongo alikuwa anatoa mu shimo ilikuwa na maji, Mama Abi. Siye kule tunatembea saa moja kutafuta maji."

Nadège aliifungua taa mbele yake. Aliona waya, bati, betri. Akamwambia kwamba wazee wana huzuni nyingi, na huzuni ina njia zake. Estelle aliitikia kwa adabu, akaondoka bila taa.

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, na mtaa wote ulikuwa nje ukisafisha mitaro. Hakuna aliyeshangaa kusikia jembe nyuma ya atelye. Nadège alikwenda kumpelekea Baudouin maji ya kunywa akakuta shimo. Lilikuwa la mviringo, lenye kuta laini kama zilizosuguliwa kwa viganja, lilimfika mwanamume mzima kifuani, na jembe lilikuwa limelala pembeni, kavu. Baudouin alikuwa akichimba kwa mikono. Kucha mbili hazikuwepo tena.

"Baudouin."

"Banagonga, Mama Abi." Hakuinua uso. Aliongea kama mtu anayeeleza kazi ya kawaida. "Unasikia? Kama banagonga, ni kusema bangali bazima. Mutu anaacha batu aje?"

Walimtoa wanaume watatu. Walimfunga vidole, wakampeleka kwake. Nadège alimwambia mkewe asimwache peke yake, na mke alikubali, na kwa siku mbili hakumwacha. Jumanne alitoka kwenda kununua majani ya sombe kwenye kona, akachelewa kwa sababu ya salamu za watu wawili. Aliporudi, ukuta wa chumba ulikuwa umeanguka. Baudouin alikuwa amechimba chini ya kitanda hadi msingi ukaachia. Majirani walipomfikia alikuwa kichwa chini, mikono imenyooshwa mbele, kama mtu aliyekaribia kushika kitu.

Kwenye matanga watu walikaa chini ya hema la plastiki na kuongea kwa sauti ya chini. Mzee mmoja hakukaa. Aliitwa Assani, Mwislamu wa mtaa ule, aliyefanya kazi ya dhahabu tangu ujana wake hadi meno yalipomwisha, na wachimbaji wa dini zote walikuwa wakimwita awasomee dua pale shimo linapokataa watu. Alichuchumaa kando ya udongo uliotolewa chumbani, akachukua donge, akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Hii udongo haitoke Bunia," alisema. Kisha akamgeukia Nadège. "Marehemu alikuwa anashika nini kwa kazi?"

"Telefone, muzee. Zenye zilikufa."

"Zilitoka wapi?"

Nadège alimtazama mume wake, na kabla Liévin hajafungua kinywa alijua kwamba mumewe alikuwa anajua.

Liévin alisimulia akiangalia viatu vyake. Félicien hakumficha. Upande wa njia ya Mongbwalu kulikuwa na shimo, wachimbaji waliliita Bila Mwezi. Mwaka uliopita maji yaliingia kwa pembeni, udongo ukashuka, na waliokuwa ndani hawakutolewa. Shimo lilifungwa. Wiki chache zilizopita Félicien alifungua mdomo wa shimo ili aoshe mchanga upya, akakuta kwenye ngazi ya kwanza mfuko ambamo watu wale walikuwa wameacha simu zao zisilowe.

"Nilisema ni telefone tu," Liévin alisema. "Nilisema, kama zikioza kule, zitasaidia nani?"

Assani alilirudisha donge chini.

"Miye njo nilifungaka ile shimo," alisema. "Ule mwenye kukaa ndani alikuwako kule mbele batu hawajakuja. Mwenye shimo, ule tajiri banaita PDG, alimuahidi kumupatia batu, kusudi dhahabu isipotee. Bale batu balikufa siku ile ile, nilibasomea, banalala. Kile kinagonga si bale batu. Ni jini, anaigaka sauti zao. Anajua mutu muzuri hawezi kuacha mwenzake mu shimo, njo kwa ile anakamata batu bazuri."

"Batri zao," Nadège alisema. "Nilizitia mu taa. Kumi na saba. Moja iko kwa mutoto wangu."

Alikimbia. Kutoka matanga hadi nyumbani haikuwa mbali, na jua lilikuwa bado juu, na watu walikuwa wakiuza nyanya na kuni njiani kama siku zote, na alipousukuma mlango alipokelewa na baridi iliyotoka chini na harufu ile ya udongo usioona jua, na taa ilikuwa inawaka mchana kweupe kando ya kitanda, na kitanda kilikuwa kimesogezwa, jambo ambalo mtoto wa miaka sita hana nguvu ya kulifanya, na pale kilipokuwa palikuwa na duara jeusi, na ndani ya duara, hadi kiunoni, alikuwa amesimama Abigaël, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, akiwa ametulia kabisa kama anacheza.

"Mama," alisema, "kuko baba mumoja chini. Anasema nilete taa."

"Kuya hapa."

"Anasema yeye iko karibu."

Chini ya miguu ya mtoto kitu kiligonga, mara moja tu, na safari hii hakikuwa mbali.

Nadège alimchomoa mtoto shimoni, na Assani akasema kila kitu kilichotoka Bila Mwezi lazima kirudi. Kukusanya taa kulichukua siku mbili. Mke wa Assani alikaa na Abigaël, akamshika mikono yote miwili mchana na usiku, na kila alipolegeza vidole mtoto aliteremka kitandani. Nadège na Liévin walipita hema kwa hema, na kila walipoinua plastiki waliomba Mungu wasikute kitu, na kila mara walikuta: chini ya mafiga, nyuma ya ndoo za maji, chini ya godoro la mtoto mchanga, duara lile lile lenye kuta laini, moja la kina cha sufuria, jingine ambalo jiwe lililotupwa ndani halikurudisha sauti, na kando ya kila duara palikuwa na mama, au babu, au binti, mwenye vidole vilivyochunika, aliyewaambia kwa upole uleule kwamba hawezi kuacha sasa kwa sababu wale wa chini wamekwisha kumjua jina. Mama mkwe wa Estelle alishikwa na watu wanne. Alilia kama mtu anayetenganishwa na wanawe.

Nadège alizifungua taa zote kumi na saba mwenyewe. Visi mbili, visi mbili, visi mbili. Alitoa betri, akazirudisha kila moja ndani ya simu yake, na vibao ambavyo Liévin alikuwa ameshakwangua vikafungwa pamoja na punje zake za dhahabu. Zote zikaingia katika mfuko mmoja, na mfuko ulikuwa mzito kuliko vitu vilivyokuwamo.

Nadège, Liévin na Assani waliondoka kwa pikipiki mbili alfajiri, wakafika Bila Mwezi karibu na saa sita. Kilima kilikuwa kimechimbwachimbwa na kuachwa. Wanaume wawili wa pale, waliomkumbuka Assani, walileta kamba na majembe, lakini walikataa kuangalia ndani ya mdomo wa shimo.

"Mutu mumoja atashuka mpaka chini, aweke mufuko mu maji," Assani alisema. "Asitupe. Aweke, na mikono yake."

"Ni miye," Liévin alisema. "Miye njo nilijua, nikanyamaza."

Nadège hakubishana naye. Alimfunga kamba kiunoni na kukagua fundo mara tatu.

"Sikiliza, Mama Abi," Assani alimwambia. "Akivuta kamba mara tatu, tunamupandisha. Kama ametoka, basi. Sauti yenye itaita kisha pale, hata ikiwa ya mama yako, usiitike. Ni yeye. Ukiitika, kufunga kunakufa."

Liévin alishuka. Waliona kofia yake, kisha mwanga wa tochi yake, kisha hakuna. Assani alisoma dua bila kupumzika, na kamba ikateremka polepole, ikaendelea kuteremka, hata Nadège akaanza kujiuliza shimo lile lina mwisho wa namna gani. Kisha kamba ikavutwa. Mara tatu.

Walivuta wote wanne. Kichwa chake kikatoka, kikiwa kimejaa tope, kisha mabega. Alipanda ukingoni, akasimama kwenye jua kali la saa sita akiwa mikono mitupu, bila kofia wala tochi, akaangalia juu. Hakupepesa macho.

"Iko muzuri," alisema. "Tufunge."

Nadège alimshika mkono. Ulikuwa baridi, lakini chini ni baridi. Wanaume walianza kusukuma udongo. Jembe la tatu lilikuwa hewani wakati sauti ilipotoka shimoni.

"Nadège?"

Ilikuwa sauti ya Liévin.

"Nadège, kamba iko wapi? Sijavuta miye. Munavuta nani?"

Wanaume wawili waliangusha majembe. Assani alipandisha dua yake. Liévin aliyesimama kando ya Nadège aliokota jembe.

"Usiitike," alimwambia kwa upole.

"Nadège, udongo inaanguka. Nadège, ni miye." Sauti ilikohoa, ikaanza kukimbiza maneno. "Siku tunatoka Bule, kiatu yako ilibakia mu tope, nikakupatia yangu, nikatembea na mguu moja wazi mpaka Bunia. Hukuambia mutu. Nani mwingine anajua? Muulize. Muulize ule mwenye iko na weye."

Nadège alimtazama mwanamume aliyekuwa naye. Alikuwa anasukuma udongo kwa mpangilio mzuri, jembe baada ya jembe, kama mtu aliyefanya kazi ile miaka mingi. Assani alimtazama Nadège na kutikisa kichwa, machozi yakiwa kwenye ndevu zake. Jini hujua kila kitu, alikuwa amemwambia njiani. Anaingia mu moyo ya mutu sawa maji.

Nadège alifikiri juu ya mikono ya Abigaël. Akainama, akachukua udongo kwa viganja viwili, akautupa ndani.

Sauti iliita jina lake kwa muda mrefu. Mwishoni haikuita tena, ililia tu, kisha ikawa inagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Walifunga hadi usawa wa ardhi, wakaweka mawe, Assani akasoma, na kukawa kimya.

Saa ile ile, kule Bunia, Abigaël aliomba uji na kulala. Mahemani watu waliacha kuchimba, wakatazama vidole vyao bila kuelewa. Hakuna duara jipya lililoonekana. Nadège alirudi kwenye meza yake, kwa sababu watu bado walihitaji mwanga, ila sasa alimuuliza kila aliyeleta simu ilikuwa ya nani na huyo mtu yuko wapi, na asipopata jibu aliirudisha. Liévin aliacha dhahabu. Alikuwa mpole kuliko zamani, alimchukua mtoto shuleni, alimsaidia mkewe kuosha vyombo, na majirani walisema kwamba shida imemfanya mtu mwema.

Mvua za mwezi wa nne zilifika. Alasiri moja mawingu yalishuka hadi nyumba ikawa giza kabisa, maji yakipiga bati. Nadège alikuwa akichambua maharagi. Liévin alikaa kwenye kiti, Abigaël akiwa amesinzia magotini mwake. Nadège alisimama atafute taa.

"Acha tu," Liévin alisema.

Nadège alikaa tena. Kisha aliuliza kile ambacho hakuwa ameuliza tangu siku ile.

"Kule chini, uliona nini?"

"Hakuna kitu. Giza tu."

"Haikukuogopesha?"

Alimsikia akitabasamu. Mkono wake ulikuwa unapita juu ya nywele za mtoto, pole pole.

"Apana," alisema. "Siye ba kule chini tulishaizoea."

Nadège aliendelea kuchambua maharagi. Vidole vyake havikuona tena kipi ni kizima na kipi kimeoza, lakini aliendelea, kwa sababu mtoto alikuwa bado magotini mwa yule mwanamume, na hakujua atumie maneno gani kumwomba amrudishie.